Wasomaji watangulize fedha? Jibu kwa mwandishi anayetaka kujichapishia riwaya

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza riwaya yangu ya kwanza, kurasa 280. Wachapishaji watatu wameikataa. Wawili hawakusema sababu, mmoja alisema ni nzuri ila haitauzika. Nina wafuasi kama 4,000 mtandaoni, ninakoandika hadithi fupi. Nimeona waandishi wanachangisha fedha kwa wasomaji kabla kitabu hakijachapwa. Natamani kujaribu ila naona haya, nisije nikaonekana ombaomba. Tena, ni haki kweli kuchukua fedha ya mtu kwa kitabu ambacho hakipo? Kama ni haki, niombe kiasi gani, na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa kuufikisha muswada mwisho.

Nianze na hiyo haya yako, kwa sababu usipoitatua utachangisha kwa kujificha, na anayechangisha kwa kujificha hapati kitu. Ombaomba hupokea na asidaiwe. Wewe utadaiwa. Kila atakayekutumia fedha atakuwa amekukopesha, na mkopo huo utaulipa kwa kitabu, chenye kurasa ulizoahidi, katika mwezi ulioutaja. Ukilielewa hilo, haya itaondoka na mahali pake patakuja hofu ya mdaiwa. Hofu hiyo ni nzuri. Karibu kila ninalokuandikia hapa linatokana nayo: kiasi cha kuomba, tarehe ya kuahidi, zawadi za kutoa na zile za kuziacha.

Wala jambo hili si la jana. Katika Uingereza ya karne ya 18 vitabu vingi vilichapwa hivi: mwandishi alitangaza kitabu kijacho, watu wakaandikisha majina, mara nyingi wakatanguliza sehemu ya bei, ndipo kazi ikaenda kwa mchapaji. Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa akajinunulia uhuru wake, alitoa simulizi ya maisha yake kwa njia hiyo mwaka 1789. Toleo la kwanza lilibeba orodha ya majina 311 ya waliojiandikisha, mrithi wa kiti cha ufalme akiwemo. Hakuuza hakimiliki yake. Alizunguka na kitabu mji kwa mji akikiuza, na kikachapwa tena na tena angali hai.

Zama hizo hizo zinatupa pia mfano wa deni lililolala. Samuel Johnson alitangaza mwaka 1756 kwamba anaandaa toleo jipya la tamthilia za Shakespeare, akapokea fedha za watu, akaahidi kumaliza mwaka uliofuata. Toleo lilitoka 1765. Alipoulizwa mbona hakuchapa orodha ya waliojiandikisha, alikiri kwamba majina ameyapoteza na fedha amezitumia. Huyo alikuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa zama zake, na watu walimsubiri. Mimi na wewe hatutasubiriwa miaka tisa.

Kwa hiyo, je, ni haki kuchukua fedha ya kitabu kisichokuwapo? Ni haki ikiwa kisichokuwapo ni karatasi na wino tu. Kitabu kisiwepo, lakini muswada uwepo. Mwaka 2022 Brandon Sanderson, mwandishi wa Marekani, alichangisha zaidi ya dola milioni 41 kwa wachangiaji zaidi ya 185,000 kupitia Kickstarter, jukwaa la mtandaoni la kuchangishia fedha. Watu wengi hukumbuka fedha hizo. Mimi hukumbuka kwamba riwaya zote nne alizokuwa akizichangishia alikuwa ameshaziandika. Alichokuwa akidaiwa ni kuchapa na kusafirisha. Wewe pia uko hapo, maana muswada wako umekamilika. Nakuomba uongeze hatua moja kabla ya kufungua chochote: umpe mhariri. Najua utaniambia fedha ya mhariri ndiyo unayokwenda kuichangisha. Basi angalau mpe asome sura tatu, akueleze kwa maandishi kazi iliyobaki ni ya wiki ngapi na itagharimu kiasi gani. Mhariri akikwambia nusu ya pili inahitaji kuandikwa upya, hiyo ni miezi, na miezi hiyo ni lazima iingie kwenye tarehe unayoahidi.

Tarehe ndiyo inayowaangusha wengi. Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyechunguza kampeni za Kickstarter kwa miaka kadhaa, aliona kwamba sehemu kubwa zinatoa walichoahidi baada ya siku kupita, na katika utafiti wake wa 2015 takriban asilimia 9 hazikutoa kabisa. Asilimia 9 si kubwa, lakini usiitazame kutoka upande wako. Itazame kutoka kwa yule aliyetoa fedha yake, akafungua sanduku la posta mwezi baada ya mwezi. Mimi hupanga tarehe hivi: naandika miezi ninayoamini kwa dhati, halafu naongeza theluthi. Kama ni miezi sita, naahidi minane. Sijawahi kumwona msomaji aliyelalamika kwamba kitabu kimefika mapema.

Sasa hesabu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoona waandishi wenye vipaji wakiumia. Nitatumia namba tupu, wewe weka sarafu yako.

Tuseme uhariri, usomaji wa prufu (kurasa za majaribio zinazosahihishwa kabla ya kuchapa), jalada na kupanga kurasa vinagharimu jumla 1,400. Hizo ni gharama zisizobadilika: ukiuza nakala 10 au 1,000, unazilipa zile zile. Mchapaji anakwambia nakala moja ni 5 ukichapa 300. Posta na bahasha ni 3 kwa kila nakala. Unaamua mchango wa kupata kitabu uwe 15. Mwandishi mwenye haraka hujumlisha hivi: 1,400 za maandalizi, 1,500 za nakala 300, lengo ni 2,900. Anafungua, watu 194 wanachangia 15 kila mmoja, zinaingia 2,910, lengo linafikiwa, anashangilia. Kisha jukwaa na malipo ya kadi vinakata, tuseme, asilimia 10: zimebaki 2,619. Posta ya vitabu 194 inataka 582: zimebaki 2,037. Maandalizi 1,400: zimebaki 637. Kwa 637 anachapa nakala 127, tena kwa bei ya 5 ambayo hataipata kwa nakala chache hivyo. Ana watu 194 wanaomdai. Kampeni yake imefaulu, na yeye ana deni la vitabu 67 asivyoweza kuvichapa.

Igeuze hesabu. Chukua mchango mmoja wa 15. Toa makato 1.5, toa uchapaji 5, toa posta 3. Umebakiwa na 5.5, na hiyo ndiyo inayokwenda kulipa zile 1,400. Gawanya 1,400 kwa 5.5 upate wachangiaji 255. Zidisha kwa 15, lengo lako la kweli ni 3,825. Ongeza kama asilimia 10 kwa kadi zitakazokataa, nakala zitakazopotea njiani na zile zitakazoharibika, ufike 4,200, yaani watu 280. Namba hiyo ya mwisho ndiyo uibandike ukutani. Fedha inakuambia unahitaji nini, lakini idadi ya watu ndiyo inayokuambia kama inawezekana.

Uliza mchapaji bei za idadi tatu tofauti, 100, 300 na 500, maana bei ya nakala moja hushuka idadi inapopanda. Usivutwe na mteremko huo ukachapa 1,000 kwa sababu tu kila moja imekuwa nafuu. Masanduku yatakayobaki ni fedha yako imelala chini ya kitanda. Muulize pia anachapa kurasa kwa mafungu ya ngapi. Mitambo mikubwa huchapa karatasi pana inayokunjwa kuwa kurasa 16, wakati mwingine 8 au 32. Kurasa zako 280 hazigawanyiki kwa 16. Mtambo wa 16 utakupeleka 288, au mpangaji kurasa abane maandishi mfike 272. Ni mazungumzo ya dakika tano, na hupunguza gharama kabla hujamwomba mtu yeyote fedha.

Posta nayo ipimwe, isikisiwe. Karatasi ya gramu 80 maana yake mita moja ya mraba ya karatasi hiyo ina uzito wa gramu 80. Kurasa zako 280 ni karatasi 140, na karatasi ya ukubwa wa A5 ina eneo la mita za mraba 0.031. Zidisha 140 kwa 0.031 kwa 80 upate karibu gramu 350. Jalada gumu kidogo linaongeza kama 20, bahasha yenye viputo vya plastiki 30 au 40. Unakwenda posta na gramu 400 na ushei. Nakuambia hivi kwa sababu nauli za posta hupanda kwa ngazi, na gramu tano za ziada zinaweza kukupandisha ngazi nzima kwa kila bahasha. Ukichagua karatasi ya gramu 70 unaondoa zaidi ya gramu 40 katika kitabu hicho hicho. Fanya jambo moja: kata rundo la karatasi tupu 140 za A5, zifunge kwa uzi, zitie kwenye bahasha utakayotumia kweli, nenda nazo kaunta ya posta. Uliza bei ya ndani ya nchi, ya nchi jirani na ya bara jingine, uziandike zote tatu. Bei ya bara jingine inaweza kuzidi thamani ya kitabu chenyewe. Hapo unaweza kuweka mchango tofauti kwa walio mbali au kuwapa kitabu pepe peke yake. Kumbuka pia kwamba ukikusanya nauli ndani ya mchango, majukwaa mengi hukata ada juu ya jumla yote, nauli ikiwemo.

Twende kwa watu, maana hao 280 watatoka wapi?

Watatoka kwa wale ulio nao tayari. Nakusihi uliamini hili hata kama umesikia habari za watu waliogunduliwa na dunia nzima ndani ya usiku mmoja. Kampeni hukusanya wasomaji uliokwisha kuwapata. Haikutafutii wapya, ila wachache. Jukwaa litakuletea wageni pale tu litakapoona wenyeji wamejaa. Na wafuasi 4,000 si wachangiaji 4,000. Kubonyeza kidole kwamba umependa hadithi hakugharimu kitu. Chukua daftari uandike kwa mkono majina ya watu ambao ukiwaandikia ujumbe leo, kwa jina, watakujibu. Ndugu, marafiki, mliosoma pamoja, wale wanaoacha maoni marefu chini ya hadithi zako, yule aliyewahi kukuuliza kitabu kinatoka lini. Usihesabu wale unaotumaini. Ukiishia kwenye jina la 60, si kosa, ila hujawa tayari. Tumia miezi mitatu au minne kuwaomba wafuasi wako wakuachie anwani za barua pepe ili uwatumie sura ya kwanza bure. Anwani hizo ni zako, na hakuna mtandao utakaobadilisha kanuni zake usiku ukakutenga nao.

Sikiliza pia habari ya Phillis Wheatley. Mwaka 1772 mashairi yake yalitangazwa Boston kwa utaratibu ule wa kujiandikisha. Walihitajika watu 300, hawakupatikana. Alikuwa msichana Mwafrika aliyeshikiliwa utumwani, na wengi katika mji ule hawakuwa tayari hata kuamini kwamba ndiye aliyeyaandika. Mwaka uliofuata kitabu chake kilichapwa London, kwa msaada wa watu wengine kabisa. Mchapishaji aliyekwambia riwaya yako haitauzika amekuambia kwamba yeye hajui wa kumuuzia. Ikiwa wewe unawajua, andika majina yao.

Kuhusu majukwaa, Indiegogo ilianza 2008 na Kickstarter 2009, na zipo nyingine nyingi ndogo. Usianze kwa kulinganisha uzuri wa kurasa zao. Anza na maswali mawili. La kwanza: wakazi wa nchi yako wanaruhusiwa kufungua kampeni hapo? Kickstarter ina orodha ya nchi, na aliye nje ya orodha anaweza kuchangia lakini hawezi kuchangisha. La pili: usipofikia lengo, inakuwaje? Zipo za yote au hakuna, ambako lengo lisipofikiwa hakuna mchangiaji anayekatwa hata senti. Zipo zinazokuachia chochote kilichopatikana. Waandishi wengi huvutwa na hii ya pili wakiona ina usalama. Mimi nakushauri ya kwanza bila kusita. Ukipata theluthi ya fedha na ukaichukua, umechukua deni la theluthi ya watu bila uwezo wa kuchapa hata nakala moja. Yote au hakuna inakulinda wewe kuliko inavyomlinda mchangiaji. Kickstarter hukata asilimia 5 ya fedha kampeni ikifaulu, na malipo ya kadi yanachukua kama asilimia 3 na kiasi kidogo kwa kila mchango, hivyo ukipanga kwa asilimia 10 hutashtuka.

Kama majukwaa makubwa hayakufikii, fanya kwa njia ya kale: kusanya ahadi kwanza, fedha baadaye. Andikisha majina na idadi ya nakala. Ukifika watu 280, ndipo utangaze kwamba lengo limetimia, ulipwe kwa benki au simu kwenye akaunti ambayo haina fedha nyingine yoyote ndani. Isiwe ile unayolipia kodi ya nyumba. Fedha ya kitabu ikichanganyika na ya mboga, inaliwa, na hakuna aliyekusudia.

Na ukikutana na kampuni inayochangisha kwa niaba yako na kukaa na fedha yenyewe, uliza fedha hiyo inakaa wapi na inatoka lini. Unbound ya Uingereza, iliyoanza 2011, ilichapa mamia ya vitabu kwa michango ya wasomaji, na vingine vilikuwa vizuri sana. Mwaka 2025 ikaishiwa, ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, na waandishi wakabaki wanadai mirabaha yao, yaani mgawo wao wa mauzo. Msomaji alikuwa ametoa na mwandishi alikuwa ameandika. Fedha ikakwama katikati.

Zawadi nitazipitia haraka, maana ushauri wangu ni mfupi: toa vitabu. Kitabu pepe kwa kiwango cha chini, kitabu cha karatasi kwa kiwango cha kati, kitabu chenye saini na jina la mchangiaji kuchapwa kurasa za mwisho kwa kiwango cha juu kidogo, na nakala tano au kumi kwa atakayetaka kuzigawa kwa darasa au kikundi cha usomaji. Katika kampeni yangu ya pili niliongeza fulana. Fulana zina saizi tano, na watu hawakosei jina la kitabu ila hukosea saizi yao. Nilitumia wiki tatu nikibadilishana fulana na watu, wiki ambazo zilikuwa za kusoma prufu, na makosa yaliyobaki ndani ya kitabu kile ninayajua kwa namba za kurasa. Usiahidi pia sehemu ya faida. Ukishamwahidi mtu faida, katika nchi nyingi umeingia kwenye sheria za uwekezaji, na hapo unahitaji mwanasheria. Muulize pia mhasibu kama michango itahesabiwa kuwa mapato yako, kwa sababu mara nyingi huhesabiwa, na kodi hiyo lazima iwe ndani ya lengo.

Ukurasa wa kampeni uwe na mambo ambayo mdaiwa mwaminifu angeyaonyesha. Jalada lililokamilika, sura ya kwanza nzima, tarehe, na mgawanyo wa fedha waziwazi: mhariri kiasi hiki, mchapaji kiasi hiki, posta, makato. Video fupi inatosha. Kaa mahali penye mwanga, sema kitabu kinamhusu nani, kisha soma ukurasa mmoja kwa sauti yako. Usisimulie jinsi wachapishaji walivyokukataa. Anayechangia anataka kusoma riwaya, na huruma hununua nakala moja tu, tena mara moja.

Siku 30 zinatosha. Kickstarter inaruhusu hadi 60, lakini kampeni ndefu huwapa watu nafasi ya kusema "nitachangia kesho". Siku mbili za kwanza na tatu za mwisho ndizo zenye fedha, na katikati pana bonde refu ambamo hakuna kinachotikisika. Ulijue bonde hilo mapema ili lisikuvunje moyo. Mimi sifungui kampeni mpaka nimepata ahadi za watu kwa majina zinazofikia theluthi ya lengo, na wote wanajua siku na saa. Mgeni akikuta kampeni yenye siku mbili imeshafika theluthi, anaiona kazi inayokwenda. Akiikuta kwenye asilimia 2, anapita, hata kama angekipenda kitabu.

Ahadi hizo huzipati kwa tangazo. Unazipata kwa ujumbe wa mtu mmoja mmoja, kama huu:

"Habari za siku nyingi. Ile riwaya niliyokusomea mwanzo wake imekamilika, na tarehe 3 saa mbili asubuhi nafungua uchangishaji wa kuichapa. Ukichangia siku hiyo hiyo utanisaidia kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu wengine hutazama mwanzo. Mchango wa 15 unakupa kitabu kabla hakijaingia dukani. Ukiona hutaweza, niambie tu, wala hakitaharibika kitu kati yetu."

Tazama ujumbe huo haujapiga magoti popote. Una siku, una bei, una sababu ya siku hiyo, na umemwachia mtu mlango wa kutokea. Andika kama hiyo mia moja kwa mkono wako, ukibadilisha sentensi ya kwanza kwa kila mtu. Inachosha. Ndiyo kazi yenyewe.

Ikishindikana, hakuna aliyepoteza fedha, na unayo orodha ya waliokuwa tayari kukulipa. Waandikie wote siku ile ile uwashukuru, uwaulize nini kiliwazuia wenzao, punguza gharama, rudi baada ya miezi michache. Kwenye Kickstarter kampeni nyingi kuliko nusu hazifikii lengo, na waliorudi mara ya pili wakafaulu ninawafahamu kwa sura.

Ikifaulu, deni limeanza rasmi. Fungua jedwali moja lenye jina kama mtu anavyotaka lichapwe, anwani, alichochangia, alichotumiwa na tarehe. Liwe na nakala mahali pawili. Kila mwezi waandikie wachangiaji aya mbili hata kama hakuna jipya. Ukiona utachelewa, sema siku uliyojua, usisubiri siku ya ahadi ifike. Watu husamehe kuchelewa walikoambiwa. Wasichosamehe ni ukimya.

Na vitabu vikifika kutoka kwa mchapaji, usivitume siku hiyo. Katika kitabu changu kimoja nilipokea masanduku, nikafungua la juu, nikapekua nakala moja, ikanukia wino mpya, nikafurahi, nikalipa salio. Wiki mbili baadaye msomaji akaniandikia kwa upole kwamba ukurasa wa 144 unafuatwa na wa 129. Fungu la kurasa 16 lilikuwa limeshonwa mara mbili na fungu linalofuata, 145 hadi 160, halikuwemo. Nilipovikagua vilivyobaki, masanduku mawili kati ya sita yalikuwa hivyo. Mchapaji alikubali kosa lakini alikuwa ameshalipwa, na kuchapa upya kulichukua miezi miwili ya kubembelezana. Tangu hapo nalipa salio baada ya kufungua kila sanduku, kutoa nakala tatu, moja juu, moja katikati na moja chini, na kuzipekua ukurasa kwa ukurasa nikifuata namba. Mahali pengine pa kuangalia ni kurasa za majina ya wachangiaji. Mtu anaweza kusamehe kosa la tahajia sura ya tisa. Jina lake likikosewa, hasahau.

Kwa hiyo wiki hii usifungue akaunti popote. Kata zile karatasi 140, uzipime ndani ya bahasha, na ukae na daftari lako la majina mpaka usiwe na jina jingine la kweli la kuongeza. Kisha niandikie tena namba nne tu: majina mangapi, gramu ngapi, bei ya mchapaji kwa nakala 300, na wiki ambazo mhariri amesema. Nikiwa nazo nitakukokotolea lengo lako, na nitakwambia kama naona ufungue robo hii ya mwaka au usubiri ijayo.